Mbili Tu, Si Zaidi: Historia Fupi ya Omaha na Ugumu wa Kuamua

Fasihi ya kamari tuliyorithi kutoka Urusi ina mchezaji wa aina moja tu. Katika hadithi ya Pushkin ya mwaka 1834, ile ya malkia wa shupaza, Hermann anatafuta siri ya karata tatu zisizoshindwa. Anaipata, anaweka mali yake yote, na siku ya tatu karata anayoamini ni ree inageuka kuwa malkia. Miaka 32 baadaye Dostoevsky, akiwa amebanwa na madeni na mkataba wa mchapishaji, akamsomea Anna Snitkina, mwandishi wa hati mkato, novela nzima ya mcheza kamari kwa muda usiofika mwezi. Mwaka uliofuata wakaoana. Novela ile nayo ni ya ruleti, gurudumu linalozunguka na kijiwe chake.

Ukitazama vizuri, watu hawa wawili wa kwenye vitabu hawaamui kitu kikubwa. Wanachagua karata au namba, wanaweka hela, halafu wanakodoa macho. Yanayobaki ni ya bahati. Ndiyo maana hadithi zenyewe zinaishia kwenye wazimu: hakuna pa kujifunzia.

Mimi nataka kuzungumzia kamari nyingine, ambayo fasihi haijaigusa sana, na ambayo kwa maoni yangu inatufundisha jambo gumu kuliko ruleti. Ni poka ya Omaha, hasa ile inayochezwa kwa kikomo cha fungu. Humo mchezaji anaamua mara nne katika mkono mmoja, kila mara akiwa anajua zaidi kidogo kuliko mwanzo, na kila mara bado hajui vya kutosha. Swali linalonisumbua ni hili: unaupimaje uamuzi ambao ulikuwa sahihi lakini ukakuangusha? Wanahisabati wamelihangaikia tangu karne ya 17. Omaha imelifanya liwe la kila dakika.

Kabla hatujafika huko, neno moja kuhusu maneno. Mswahili hahitaji kuazima msamiati upya ili azungumzie karata. Neno karata lenyewe tulilipata kwa Wareno, pamoja na kopa, uru, pau na shupaza, na hata turufu, ambayo leo mwanasiasa yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi anaitaja bila kukumbuka kwamba ilitoka mezani. Kamari tuliichukua kwa Waarabu. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa wakichanga karata zamani sana, kabla poka haijazaliwa. Nitatumia maneno yao, na pale poka inapoleta kitu kipya nitakisema kwa Kiswahili cha kawaida.

Poka ilikua kandokando ya mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, kuanzia New Orleans, mji ambao Marekani iliununua kwa Wafaransa pamoja na eneo zima la Louisiana mwaka 1803. Mwigizaji Mwingereza Joseph Cowell, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1844, anaeleza poka aliyoiona ikichezwa kwenye meli ya mvuke mwaka 1829. Ilikuwa ya karata 20 tu: kuanzia 10 hadi ree. Wachezaji wanne, kila mmoja karata tano, na kasha limekwisha. Hakuna karata mpya itakayokuja. Unatazama ulichopewa, unaweka dau au unajitoa. Ujanja wote ulikuwa katika kusoma sura ya mwenzako.

Baadaye kasha likawa la karata 52, ikaruhusiwa kubadilisha baadhi ya karata, halafu zikaja namna ambazo baadhi ya karata zinafunuliwa. Kila badiliko lilikuwa linasogeza mchezo upande mmoja: habari nyingi zaidi, na nafasi nyingi zaidi za kuamua. Huko Texas ikatokea poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili za siri, na karata tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Mwaka 2007 Bunge la Texas lilitambua rasmi mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko Texas Hold'em ilikozaliwa. Kuanzia 1970 mashindano ya dunia ya poka yakawa yanafanyika Las Vegas, na Texas Hold'em ndiyo ikawa mfalme wake.

Omaha inaingia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchezaji aitwaye Robert Turner alimpelekea Bill Boyd, msimamizi wa chumba cha karata katika kasino ya Golden Nugget mjini Las Vegas, mchezo uliobadilisha jambo moja dogo: badala ya karata mbili za siri, kila mtu apewe nne. Mwanzoni uliitwa kwa jina la kasino. Baadaye likashika jina la Omaha, ambalo ni la mji wa Nebraska.

Karata nne badala ya mbili. Kwa masikio inaonekana kama ukarimu. Lakini kuna sharti, na sharti hilo ndilo roho ya mchezo: mwisho wa yote ni lazima utumie karata mbili za mkononi mwako, si moja, si tatu, pamoja na tatu za mezani. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa unashika manne, na mawili lazima yakuponyoke.

Ngoja nitoe mfano, maana hapa ndipo wageni wanapoumia. Tuseme mezani kuna kopa nne. Wewe mkononi una ree ya kopa na karata nyingine tatu zisizo kopa. Kwenye Texas Hold'em ungekuwa unacheka: kopa tano, na ya juu kabisa ni yako. Kwenye Omaha huna kitu. Kopa moja ya mkononi haitoshi. Sheria inataka mbili. Jirani yako mwenye kopa mbili ndogo, hata 3 na 5, anakupiga. Kadhalika ukipewa ree zote nne, usifurahi: mbili tu ndizo zitakazotumika, na zile mbili nyingine ambazo zingekusaidia kuja mezani umezikalia wewe mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Karata mbili kutoka kasha la 52 zinaweza kupangika kwa njia 1,326. Karata nne zinapangika kwa njia 270,725. Na ndani ya kila mkono wa karata nne mna michanganyiko sita ya karata mbili mbili. Ukikaa na wapinzani watano, kuna michanganyiko 30 ya mbili mbili inayokutazama kutoka upande wa pili wa meza. Kwa hiyo kitu ambacho kwenye Texas Hold'em ni cha nadra, kwenye Omaha ni cha kawaida. Kila mtu ana tumaini, na kila mtu ana sababu ya kubaki.

Halafu linakuja suala la kikomo. Katika poka isiyo na kikomo unaweza kusukuma kila ulichonacho wakati wowote. Katika Omaha ya kikomo cha fungu huwezi kuweka dau linalozidi fungu, yaani hela iliyokwisha kulundikana katikati. Linasikika kama breki, na kwa kweli mwanzoni mwa mkono ni breki. Lakini angalia. Fungu lina shilingi 1,000 na mmebaki wawili. Unaweka 1,000, mwenzako anafuata: sasa ni 3,000. Karata ya nne inafunuliwa, unaweka 3,000, anafuata: 9,000. Karata ya mwisho, unaweka 9,000, anafuata: 27,000. Hatua tatu tu, fungu limekua mara 27, na kila mmoja ametoa 13,000 kwa ajili ya jambo lililoanza na 1,000. Ndiyo sababu wachezaji wazoefu wanasema uamuzi mzito wa Omaha hufanywa mapema, wakati hela bado ni ndogo. Anayeingia ovyo kwenye 1,000 anajikuta analia kwenye 9,000.

Sasa nije kwenye uamuzi mmoja, tuufungue mpaka ndani.

Mezani zimefunuliwa 9, 8 na 2, za aina tatu tofauti. Wewe una 9 mbili, K na 3. Maana yake una 9 tatu, na hakuna mkono unaoweza kukushinda kwa wakati huu. Wewe ndiwe unayeongoza. Fungu lina shilingi 10,000. Mpinzani wako anaweka 10,000, ndizo zote alizobakiza. Tena, kwa hisani ya mfano, tuseme anakuonyesha karata zake: J, 10, 7 na 6. Hana hata jozi.

Ungesema huu si uamuzi mgumu, ana nini huyu? Basi hesabu pamoja nami. Ikija Q yoyote, ana mfululizo kutoka 8 mpaka Q. Ikija J, 10, 7 au 6, ana mfululizo pia. Ikija 5, ana mfululizo kutoka 5 mpaka 9. Q nne, 5 nne, na tatu tatu za zile nne nyingine: jumla karata 20 zinampa ushindi wa papo hapo, kati ya 41 ambazo hatujaziona. Na bado karata mbili zinakuja. Wewe nawe una njia za kujiokoa, kwa sababu karata ya mezani ikijirudia unapata tatu na mbili, na hiyo inaupiga mfululizo. Ukizipima njia zote hizo, ukiacha pembeni uwezekano wa karata tano za aina moja, mtu asiye na hata jozi anashinda takriban mara 54 kati ya 100. Wewe unayeongoza, mara 46.

Kutangulia si kufika. Sijui methali nyingine inayoieleza Omaha kwa ufupi kuliko hiyo.

Lakini hapa ndipo akili ya kawaida inapogoma. Unajua kwamba utashindwa zaidi ya nusu. Ujitoe? Hapana. Unalipa 10,000 ili ugombee fungu la 30,000. Ukiurudia mkono huu mara 100 utakuwa umelipa 1,000,000, na mara zile 46 utakuwa umepokea 1,380,000. Kufuata kuna faida, kujitoa kuna hasara. Yaani uamuzi sahihi hapa ni ule ambao mara nyingi zaidi utakuacha mikono mitupu, na aliyekaa nyuma yako akitazama atasema, si nilikwambia?

Hesabu hii haikuanzia Las Vegas. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu fumbo lililoletwa na mcheza kamari mmoja wa tabaka la juu, aliyejulikana kama Chevalier de Méré. Watu wawili wanacheza, wa kwanza kufikisha ushindi wa mara tatu achukue fungu. Kila mmoja ameweka vipande 32 vya dhahabu. Mmoja ameshinda mara mbili, mwingine mara moja, na mchezo unakatizwa. Wagawane vipi?

Kabla yao wengi walikuwa wanatazama nyuma: huyu kashinda mbili, yule moja, basi gawanyeni kwa kadiri hiyo. Pascal na Fermat wakatazama mbele. Wakauliza: kama mchezo ungeendelea, ni njia zipi zilizobaki, na kila njia inampa nani? Mwenye ushindi wa mara mbili akishinda tena anachukua vipande vyote 64. Akishindwa wanakuwa sawa, kila mtu 32. Kwa hiyo 32 ni vyake kwa vyovyote vile, na zile 32 nyingine ana nusu yake. Jibu: 48 kwa 16.

Hadithi za hisabati huita hapo mwanzo wa nadharia ya uwezekano. Mimi nasoma ndani yake jambo la kibinadamu pia. Pascal anasema thamani ya mahali ulipo haiko katika yale yaliyokwisha kukupata. Iko katika yale yanayoweza kukupata. Kwenye karatasi ni rahisi. Ukiwa na 9 tatu mkononi ni vigumu mno, kwa sababu macho yanaona 9 tatu, hayaoni zile karata 20.

Uamuzi wa pili ambao ni mgumu zaidi ni wa kuachia. Nao una sura tofauti: hapa unacho kitu kweli, na ni kizuri. Umepata karata tano za kopa, ya juu ikiwa K. Mezani mpo watu wanne. Karata ya mwisho imefunuliwa, mtu anaweka dau lililojaa fungu, mwingine anafuata. Katika michezo mingi ya karata mkono wako ungekuwa wa kusimulia watoto. Katika Omaha ni karata za kutupa, mara nyingi, kwa sababu palipo na watu wengi wenye michanganyiko sita kila mmoja, ree ya kopa pamoja na mwenzake huenda viko mahali fulani. Mkono wa pili kwa ubora ndio unaofilisi watu. Mkono mbovu hauna hatari. Unautupa bila kufikiri. Hela inakwenda na kile kilichokaribia kuwa bora.

Nadhani hili ndilo linalofanya historia ya mchezo huu inivute kama msomaji wa fasihi. Tanzia nyingi zinasimama hapo hapo: mtu hashindwi na udhaifu wake, anashindwa na kitu kizuri alichoshindwa kukiachia.

Lakini usidhani ni suala la woga na hesabu tu. Kumbuka ile ree ya kopa iliyo peke yake, ambayo nilisema haina kitu. Mezani kuna kopa tatu. Mtu yeyote mwenye kopa mbili ana mkono mkubwa. Wewe huna mkono, ila una habari ambayo hakuna mwingine anayo: hakuna atakayekuwa na kopa tano zenye ree juu, kwa sababu ree iko kwako. Basi unaweka dau lililojaa, kana kwamba unayo. Mwenye K anabaki anasaga meno, maana anaogopa kitu kile kile ambacho wewe peke yako unajua hakipo. Mtaani tungesema umempiga mkwara. Karata isiyofaa kwa kushinda imegeuka kuwa bora kwa kutisha.

Kwamba mkwara si utundu tu bali ni sehemu ya hesabu yenyewe, hilo tuna deni kwa John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest. Mwaka 1928 alichapisha makala kuhusu nadharia ya michezo, na mwaka 1944, yeye na mchumi Oskar Morgenstern wakatoa kitabu ambacho kina sehemu nzima juu ya poka. Katika poka yake ya kwenye karatasi, iliyorahisishwa sana, mchezaji bora analazimika kupiga mkwara mara kwa mara, la sivyo kila akiweka dau wote watajitoa na karata zake nzuri hazitamlipa. Na anaupiga kwa karata zake mbovu kabisa, si kwa zile za katikati. Za katikati bado zina nafasi ya kushinda kimya kimya. Mbovu hazina cha kupoteza. Von Neumann alijua kwamba kwenye bao kete zote ziko wazi na anayehesabu mbali ndiye anayekula, ila maisha hayafanani na bao. Yanafanana na poka: mwenzako anaficha, na anajua kwamba wewe unajua anaficha. Neno la bao nimelitia mimi. Kwa upande wake yeye mfano wa mchezo usio na siri ulikuwa sataranji.

Tuje karibu na siku zetu. Mwanzoni mwa karne hii poka ilihamia kwenye intaneti, na Omaha ikawa mchezo wa wale waliotaka mafungu makubwa. Mwaka 2009, katika tovuti ya Full Tilt Poker, alitokea mchezaji aliyejiita Isildur1. Hakuna aliyemjua. Alicheza na mabingwa kadhaa kwa wakati mmoja, kwa dau ambazo wengi hawakuwahi kuziona. Mwaka 2011 ndipo alipojitokeza hadharani: Viktor Blom, kijana wa Sweden aliyezaliwa 1990. Yaani alikuwa na miaka 19.

Tarehe 21 Novemba 2009 alikuwa akicheza Omaha na Patrik Antonius wa Finland. Mezani zikaja 5, 4 na 2. Antonius alikuwa na ree na 3 miongoni mwa karata zake, kwa hiyo tayari alikuwa na mfululizo. Blom alikuwa na 9, 8, 7 na 6: bado hajapata, ila 8, 7, 6 au 3 yoyote ingempa mfululizo mkubwa zaidi. Waliendelea kupandishiana mpaka hela yote ikaingia. Fungu lilikuwa dola 1,356,946.50. Karata iliyohitajika haikuja, Antonius akachukua.

Ukilifanyia fungu lile hesabu ya Pascal, wakati hela inaingia walikuwa karibu nusu kwa nusu. Watu walioandika wakati ule walimwita Blom kichaa, na kama zile karata zingekuja wangemwita kipaji cha ajabu, na mkono ungekuwa ule ule. Hilo ndilo tatizo la kuhukumu kwa matokeo. Swali la haki kumuuliza si kwa nini alishindwa, bali kama mtu wa miaka 19 alipaswa kuwa na sehemu kubwa hivyo ya mali yake katika fungu moja. Hilo ni swali la pili la uamuzi, ambalo karata hazilijibu: hata uamuzi wenye faida unaweza kukumaliza ukiwa na mtaji wa kuufanya mara moja tu. Zile mara 100 za hesabu yetu zinamsaidia yule tu anayeweza kufika mara ya 100.

Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo Blom alipoteza takriban dola milioni 4.2 kwa Brian Hastings ndani ya saa chache, karibu zote katika Omaha. Baadaye ikajulikana kwamba Hastings na rafiki zake walikuwa wamechambua pamoja rekodi za mikono mingi ya Blom, na mmoja wao, Brian Townsend, akakubali kwamba alizipata kwa njia iliyovunja masharti ya tovuti. Ubishi ukawa mkubwa: kumsoma mpinzani ni kazi halali ya mchezaji, lakini kusoma kunaishia wapi na kupeleleza kunaanzia wapi? Blom alikuwa peke yake na kumbukumbu yake. Upande wa pili kulikuwa na watu, kompyuta, na maelfu ya mikono yake iliyohifadhiwa. Mchezo uliokuwa wa kusoma sura kwenye meli ya mvuke ulikuwa umegeuka kuwa wa kusoma takwimu za mtu usiyemwona. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000 ya Texas Hold'em ya wawili wawili, na tangu hapo wachezaji wa Omaha nao wanajifunza mbele ya kompyuta, mkono kwa mkono.

Lakini wakati watu wale wanapimana kwa asilimia 46 na 54, hatari kubwa zaidi haikuwa mezani. Ijumaa ya tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, Full Tilt ikiwemo. Wachezaji wakaomba hela zao. Mwezi Septemba waendesha mashtaka wa Manhattan wakasema kwamba kufikia mwisho wa Machi kampuni ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wa dunia nzima takriban dola milioni 390, huku benki ikiwa na takriban milioni 60. Zile namba ambazo watu walikuwa wakiziona kwenye kioo, walizozihangaikia usiku kucha, nyingi hazikuwa na hela nyuma yake. Tovuti shindani ya PokerStars ilikuja kuinunua mwaka 2012 katika makubaliano na serikali, na watu wakaanza kurudishiwa. Wengi wa Marekani walisubiri hadi 2014.

Nafikiria jambo hili ninapoona vijana wetu, Kariakoo kama Gikomba, wakiinamia simu kupanga mkeka wa mechi za Jumamosi. Mkeka si Omaha: ukishaweka umeshaweka, umerudi kwa Hermann na karata zake tatu. Hakuna karata ya nne ya kukupa nafasi ya kufikiri upya, na unayecheza naye si mwenzako, ni kampuni iliyopanga bei. Anayetaka kujifunza kuamua chini ya giza hatajifunzia hapo. Wala simshauri mtu akajifunzie kwenye Omaha ya hela. Unaweza kujifunza kwa punje za mahindi, na kile kinachofundishwa kitabaki: tazama yanayokuja kuliko yaliyopita, achia kilichokaribia kuwa bora, usimhukumu mtu kwa karata ya mwisho.

Ila historia hii inaongeza la nne, na ndilo linalonikaa zaidi. Fumbo la 1654 lilikuwa la mchezo uliokatizwa. Miaka 357 baadaye mchezo ulikatizwa kweli, na wachezaji waliokuwa wameifundisha akili yao kugawa fungu lolote kwa haki mpaka senti ya mwisho wakajikuta hawana cha kugawa. Pascal na Fermat walikubaliana juu ya vipande 48 kwa 16 kwa urahisi kwa sababu jambo moja hawakulazimika kuliuliza. Vile vipande 64 walivichukulia kuwa vipo mezani.